Fahamu: Mdudu anayemaliza dengu shambani

Shinyanga, Mwanza na Simiyu, dengu hupandwa mvua zinapoelekea ukingoni, kwenye udongo mweusi wa mbuga ulioshika unyevu. Majani yake hutoa asidi inayowafukuza wadudu wengi. Funza wa vitumba hajali. Ndiye yuleyule anayeshambulia pamba ya kanda hiyo, na ndiye adui mkuu wa dengu.

Nondo jike wa funza huyu hutaga mayai mojamoja kwenye majani na maua. Kiwavi huanza kwa kula majani machanga, kisha hutoboa ganda, akaingiza kichwa ndani na kuacha kiwiliwili nje huku akila punje. Akimaliza, huhamia ganda jingine. Ndiyo maana viwavi wachache tu hutia hasara kubwa.

Kagua shamba mara mbili kwa wiki tangu maua yanapochomoza, ukitafuta viwavi wadogo. Kiwavi akishaingia ganda, dawa haimfikii vizuri, na kupulizia ileile msimu hadi msimu kunamjengea usugu. Kwangu hilo ndilo kosa linaloumiza zaidi. Dawa ya mbegu za mwarobaini husaidia viwavi wakiwa bado wachanga. Simika vijiti ndege watue, wawale. Baada ya kuvuna, lima kwa kina ili mabundo (pupa) yaliyojificha udongoni yaanikwe juani.

Ghalani kuna fukusi. Kausha dengu vizuri, kisha uzifungie kwenye mifuko isiyopitisha hewa.