KUMSOMESHA MWALIMU: KUCHAGUA CHUO NA KUTAFUTA ADA

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Nne na cha Sita yanapotangazwa, makatibu wa vyama vya msingi hupokea wanachama wenye ombi moja: "Mwanangu anataka ualimu, je, chama kitanikopesha?" Ombi hili halina budi kujibiwa kwa hesabu, wala si kwa huruma peke yake. Mwanachama akopaye bila kupima huweza kupoteza mapato ya misimu kadhaa, na mtoto akarudi nyumbani bila cheti.

Elimu si jambo geni katika ushirika. Waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, baadaye walitenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Nchini Tanzania, baada ya Azimio la Musoma la 1974, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu wakiwa vijijini ili Elimu ya Msingi kwa Wote ipate walimu. Siku hizo zimepita. Leo mwombaji hupimwa kwa matokeo yake ya sekondari, na sifa zinazotakiwa hubadilishwa mara kwa mara. Basi lisomwe tangazo la mwaka huu, si lile la mwaka aliojiunga kaka yake.

Kuchagua chuo

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mzazi ahakikishe mambo haya:

(a) Usajili. Jina zuri na jengo jipya si ushahidi. Ofisa Elimu wa Wilaya aulizwe kama chuo kimesajiliwa, na kwa kozi ipi.

(b) Matokeo. Mitihani ya mwisho ya ualimu husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo hutangaza matokeo ya vyuo. Yatazamwe ya miaka mitatu, wala si ya mwaka mmoja uliokuwa mzuri.

(c) Masomo. Vyuo havifanani. Patandi, mkoani Arusha, kwa mfano, kinajulikana kwa mafunzo ya walimu wa elimu maalumu. Mwenye kutaka kufundisha sayansi aulize habari za maabara.

(d) Mazoezi ya kufundisha. Iulizwe ni shule zipi hupokea wanachuo, na ni nani hulipa nauli na chakula chao wakati huo.

Kulipia masomo

Ada ni sehemu tu ya gharama. Ziandikwe pia sare, vitabu, godoro, nauli za likizo, matibabu na malipo ya mtihani. Jumla hiyo izidishwe kwa miaka yote ya kozi, kwa maana mwanafunzi aliyelipiwa mwaka wa kwanza tu bado hajasomeshwa.

Tuchukue mfano. Gharama za mwaka ni sh. 1,200,000, nazo zimekopwa zote kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio. Mwenye mshahara akirejesha sh. 100,000 za mkopo kila mwezi, riba ya mwaka itakuwa sh. 117,000. Mkulima asubiriye msimu, akirejesha zote kwa mkupuo baada ya miezi 12, atalipa riba ya sh. 216,000. Mkopo ni uleule, ila riba inakaribia maradufu kwa kuwa mazao huuzwa mara moja. Lakini mkulima huyo huyo akiweka sh. 400,000 katika kila msimu kwa misimu mitatu kabla ya mtoto kumaliza sekondari, mwaka wa kwanza wa chuo utakuwa umelipiwa bila deni. Haba na haba hujaza kibaba.

Ipo pia njia nyingine. Tangu mwaka wa masomo wa 2023/2024, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya fani. Katibu asome mwongozo wa mwaka husika aone kama kozi ya mwombaji imetajwa.

Mzazi asipange kurejesha deni kwa mshahara ambao haujapatikana. Zamani mhitimu alipangiwa shule na Serikali; Januari 2025 waombaji wa kazi ya ualimu waliitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Kumaliza chuo si kuajiriwa.

Wajibu wa chama

Chama kinachotaka kuwa na mfuko wa elimu kiupeleke kwanza kwenye mkutano mkuu, maana ziada ni mali ya wanachama wote. Masharti yaandikwe: nani anastahili, kiasi gani, na marejesho lini. Mtoto wa mjumbe wa bodi asipimwe kwa kipimo tofauti na mtoto wa mjane mwenye shamba la nusu eka. Fedha zilipwe moja kwa moja katika akaunti ya chuo, na stakabadhi ihifadhiwe katika jalada la mwanachama. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Makatibu wanaombwa kuyasoma maelezo haya katika mkutano ujao, kabla msimu wa kuuza haujaanza.