Simu ya milioni mbili nayo inatoka na kasoro? Ndiyo, inatoka!

Leo nina dukuduku langu, na naamini litamsaidia yeyote anayedunduliza pesa ili anunue simu ya bei mbaya.

Mwaka jana zamu yangu ya mchezo pale kazini ilifika. Nikapokea, nikaongezea na vijisenti vyangu, nikaenda Kariakoo kununua simu niliyokuwa naiota muda mrefu. Ilizidi shilingi milioni mbili. Kampuni siitaji, duka silitaji. Usiku ule ule nikiwa naipapasa kitandani, nikagundua upande wa kushoto kioo kimenyanyuka kidogo. Ukipitisha ukucha, unakwama. Mnajua nilijiambia nini? "Simu ya bei hii haiwezi kuwa na kasoro, labda ndivyo ilivyoundwa." Nikalala zangu.

Miezi mitatu baadaye mvua ikanikuta njiani, simu iko mfukoni. Kufika nyumbani, giza totoro, haiwaki. Dukani wakaifungua wakanionyesha kile kistika cheupe cha ndani kimegeuka chekundu. "Bosi, hii imeingia maji, waranti haihusiki." Nikasema mbona tangazo lilidai inahimili maji? Wakacheka tu. Nikaipeleka kwa fundi wa mtaani, akaigeuza geuza halafu akanionyesha pale pale ukucha ulipokuwa unakwama: "Kaka, maji yamepita hapa." Na hapo bado nilikuwa na miezi mitano ya kuwachangia wenzangu kwenye mchezo. Nalipia simu ambayo sina!

Baada ya machungu kupoa nikaanza kusoma, na hiki ndicho nilichoelewa.

Kwanza, bei kubwa inalipia kamera, prosesa, kioo kizuri, jina na matangazo. Hailipii uhakika kwamba hiyo moja uliyoshika wewe haina dosari. Simu zinatengenezwa kwa mamilioni. Kila kipande kinaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa sehemu ndogo sana ya milimita, maana hakuna kiwanda kinachoweza kutoa vipande vinavyolingana kabisa. Kikikutana kilichozidi na kilichopungua, au gundi ikikaa vibaya, unapata mwanya kama wangu. Wakaguzi wapo, lakini haiwezekani wanase kila kitu.

Pili, ghali si sawa na ngumu. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuwa plastiki nene. Ikianguka betri inaruka huku, mfuniko kule, unaokota, unaunga, unapiga simu. Simu ghali za leo ni nyembamba, nyingi zina kioo mbele na nyuma, na zinazuia maji kwa gundi na vimpira vyembamba. Ile alama ya IP68 inatokana na vipimo vya maabara kwa simu mpya na maji safi. Gundi inachoka, na watengenezaji wakubwa wenyewe wanaandika kwamba kinga hiyo hupungua kadiri unavyoitumia.

Msidhani ni mkosi wangu tu. Vigogo nao yamewakuta:

- Mwaka 2010 iPhone 4 ilipoteza mtandao ukiishika vibaya, kwa sababu antena ilikuwa kwenye fremu ya nje. Apple wakaishia kugawa kava za bure.
- Mwaka 2014 baadhi ya wenye iPhone 6 Plus walilalamika kwamba simu zao zimepinda mfukoni.
- Mwaka 2016 Samsung walirudisha Galaxy Note 7 kama milioni 2.5 kwa sababu betri zilikuwa zinashika moto. Waliopewa za kubadilishia, baadhi nazo zikaungua! Oktoba mwaka huo huo wakaacha kabisa kuitengeneza.
- Mwaka 2019 Galaxy Fold, ya dola 1,980, iliahirishwa kuanzia Aprili hadi Septemba baada ya vioo kuharibika mikononi mwa waandishi waliopewa kuijaribu.

Hizo si simu za magumashi. Ni za kampuni zenye pesa na mainjinia wa kumwaga.

Sasa tufanyeje? Usinunue kwa imani, kagua hapo hapo dukani kabla ya kutoa hela:

1. Pitisha ukucha kuzunguka ukingo wote. Ukikwama, omba nyingine.
2. Ilaze juu ya kioo cha kaunta. Ikiyumba na haijalalia kamera, jiulize.
3. Mulika lenzi za kamera kwa tochi, tafuta vumbi ndani.
4. Fungua picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, utaona madoa ya kioo.
5. Bonyeza kila kitufe, chaji, weka laini, piga simu.
6. Piga *#06# ulinganishe namba ya IMEI na ya kwenye boksi.
7. Dai risiti ya EFD, na waranti iliyoandikwa siku ngapi na inahusu nini. Ya mdomo haina kazi.

Ukigundua kasoro usiku, kesho asubuhi uwe mlangoni kwao. Hapo ndipo nilipokosea mimi. Kiwanda kilikosea kidogo, lakini macho yangu yaliona na ukucha wangu ukahisi, nikaamua kuiamini bei kuliko macho yangu mwenyewe.

Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ghali, haina shida", mwambie ndiyo maana unaikagua mara mbili. Anayepoteza laki moja anaumia, anayepoteza milioni mbili za mchezo anakonda.

Kama nawe yamekukuta, tiririka hapo chini tujifunze.

Nawakilisha.