Kiondo mtandaoni: onyesha kitako, taja bei

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga walisema hivyo wakiwaza soko ambalo mteja hushika, huvuta, hunusa, ndipo aulize bei. Mtandaoni hakuna kushika. Kiondo kilichosukwa kwa siku kadhaa huko Machakos hukaa kwenye kioo cha simu ubavuni mwa kikapu cha kiwandani, na kwa jicho la haraka vyote ni vikapu tu.

Wauzaji wengi wana mtindo mmoja: picha moja iliyopigwa usiku chini ya taa, pengine ya kuazima, maneno "viondo vikali vipo", kisha "bei njoo inboksi". Mteja haendi inboksi. Anasogeza kidole, anahamia kwa mwingine.

Kinachoipambanua kazi ya mkono ni yale ambayo msusi huyaona ya kawaida mno hata hayataji. Zamani, kabla katani haijashika nafasi, wanawake wa Ukambani walisuka kwa nyuzi za magome, yakiwamo ya mbuyu. Nyuzi husokotwa kwa kiganja juu ya paja. Usukaji huanzia kitakoni, nyuzi zikipishana katikati, kisha msusi huzunguka akipanda mpaka mdomoni. Ndiyo maana kiondo cha aina hii hakina mshono ubavuni.

Basi kigeuze, upige picha ya kitako kwa karibu. Piga nyingine ya ndani, na ya tatu mtu akiwa amekitia begani ili ukubwa usiwe wa kubahatisha. Pigia nje, kivulini, mchana. Taa ya njano hugeuza rangi, na mteja aliyeagiza chekundu akaletewa cha kahawia atadai pesa zake.

Maelezo nayo yawe na kazi. Taja kimo na upana wa mdomo kwa sentimita, mkanda ni wa ngozi au la, rangi ni ya mimea au ya dukani, na namna ya kukisafisha. Mnunuzi wa Nairobi atatafuta "kiondo". Wa Berlin huenda hajawahi kulisikia jina hilo, atatafuta kikapu cha katani. Andika yote mawili. Sema mapema kwamba viondo viwili havilingani sawasawa, la sivyo tofauti ndogo itahesabiwa kasoro.

Kisha bei. Iweke hadharani, pamoja na gharama ya kutuma. Kiondo ni chepesi lakini hula nafasi, na wasafirishaji wengi wa kimataifa hutoza kwa uzito wa ujazo pale unapozidi uzito halisi. Viondo vitatu vya ukubwa tofauti, kimoja ndani ya kingine, husafiri katika kifurushi kimoja. Viuze kama seti.

Usishindane na kiwanda kwa urahisi wa bei, kitakushinda. Hesabu siku za msusi, katani, rangi na malipo ya fundi wa ngozi, kisha utaje bei bila kuona haya. Anayetaka cha bei ya chini kabisa si mteja wako.

Wewe unayesuka, au unayeuza kwa niaba ya wasusi, fungua ukurasa wako leo. Futa picha za kuazima, na kila penye "njoo inboksi" andika bei.