Makala ya watoto 12 iliyorudisha surua Uingereza

Huenda umewahi kuambiwa na jirani, au jamaa aliyeko ng'ambo, kwamba chanjo ya surua inaharibu akili za watoto. Maneno hayo yana chimbuko lake: makala moja iliyochapishwa London mwezi Februari 1998.

Ilitoka katika The Lancet, jarida la kitabibu lililoanzishwa mwaka 1823. Majarida ya aina hii si sawa na gazeti la kila siku. Kabla ya makala kuchapishwa, hupelekwa kwa wataalamu wengine waikague. Lakini mkaguzi haendi wodini kuhesabu wagonjwa, humwamini mwandishi.

Dk. Andrew Wakefield na wenzake 12 waliandika kuhusu watoto 12 tu, wenye maradhi ya tumbo na matatizo ya akili, wengi wao usonji. Kwa watoto 8, wazazi au daktari walisema dalili zilianza baada ya chanjo ya MMR, inayokinga surua, matumbwitumbwi na rubela. Hapakuwa na watoto wengine wa kulinganisha nao, na makala yenyewe ilikiri kuwa haikuthibitisha uhusiano wowote. Hata hivyo, mbele ya waandishi wa habari, Wakefield alishauri chanjo hizo zitenganishwe. Magazeti yakaidaka hiyo. Wazazi wakaogopa, na si wa kulaumiwa: chanjo hii hutolewa mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, na ni karibu na umri huo dalili za usonji huanza kuonekana.

Huko Wales, gazeti la South Wales Evening Post lilikuwa limeanza kampeni yake tangu 1997. Watafiti walipopima baadaye, walikuta uchanjaji katika eneo la wasomaji wake umeshuka kuliko sehemu nyingine za Wales. England nayo ilifikia takribani asilimia 80 mwaka 2003, wakati kuizuia surua kunahitaji asilimia 95, kwa kuwa virusi vyake hukaa hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Mwaka 2012 hadi 2013 surua ililipuka Swansea, mji wa gazeti hilo hilo. Watu zaidi ya 1,200 waliripotiwa kuugua, na mmoja alifariki.

Lakini aliyefichua mambo naye alikuwa mwandishi wa gazeti. Mwaka 2004 Brian Deer wa Sunday Times alieleza kuwa Wakefield alilipwa na mawakili waliotaka kuwashitaki watengenezaji wa chanjo. Wenzake 10 wakajitoa katika tafsiri ile. Mwaka 2010 The Lancet ikaifuta makala, na Wakefield akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Mwaka 2011 jarida la BMJ likaonyesha jinsi taarifa za watoto wale zilivyopotoshwa. Kabla ya hapo, mwaka 2002, utafiti wa Denmark ulioangalia watoto zaidi ya 500,000 haukukuta usonji umezidi kwa waliochanjwa.

Basi ukiambiwa "daktari wa Ulaya kasema", uliza: watoto wangapi, walilinganishwa na nani, na nani alilipa?

Tanzania na Kenya chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18. Hiyo ya pili husahauliwa sana, hivyo angalia kadi ya mwanao leo. Jamaa walioko Uingereza wenye wasiwasi wa jelatini ya nguruwe wajue kuwa ipo aina isiyo nayo. Wamuulize nesi kabla ya siku ya sindano.