Mwambao wa Maili Kumi na Ahadi za 1963

Kila inapotajwa Mahakama ya Kadhi nchini Kenya, baadhi yetu Wakristo huuliza: kwa nini dini moja iwe na mahakama ndani ya katiba? Kabla ya kura ya maoni ya 2010 swali hilo liliulizwa hata na viongozi wa makanisa, maaskofu wetu wakiwemo. Hofu yao ilikuwa na msingi: dini zote ziwe sawa mbele ya serikali. Lakini swali hilo lina historia.

Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar aliikabidhi Uingereza kazi ya kuuendesha ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, kwa malipo ya kila mwaka. Hapa tutofautishe mambo mawili: kuendesha nchi na kuwa na mamlaka kuu juu yake. Uingereza iliendesha, mamlaka kuu yalibaki kwa Sultani. Ndiyo maana tangu 1920 bara liliitwa Koloni, mwambao ukaitwa Himaya, na bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea Fort Jesus, Mombasa.

Uhuru ulipokaribia, mgogoro ukaiva. Wapo watu wa pwani waliotaka mwambao ujitawale au urudi Zanzibar, wakihofia dini, ardhi na desturi zao kumezwa na bara. KANU na KADU, ingawa walizozana kuhusu majimbo, wote waliuhesabu mwambao kuwa sehemu ya Kenya. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kusikiliza pande zote. Alipendekeza mwambao uunganishwe na Kenya, Waislamu wapewe dhamana.

Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na mwenzake wa Zanzibar, Mohammed Shamte, walibadilishana barua. Kenya iliahidi uhuru wa kuabudu, kulinda mahakama za makadhi, kufundisha watoto wa Kiislamu Kiarabu, kuweka maofisa Waislamu katika sehemu zenye Waislamu wengi kadiri iwezekanavyo, na kutambua hati za ardhi zilizosajiliwa. Tarehe 8 mkataba ukatiwa saini London. Sultani akaachia mamlaka yake, na Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yakamwondoa Sultani. Je, aliyeahidiwa akiondoka, ahadi nayo hufa? Hapana. Sultani alipokea ahadi kwa niaba ya watu, na watu hao bado wapo.

Mkataba huo ulikuwa na kasoro: wenyeji walisikilizwa, lakini hawakupigiwa kura ya kuamua hatima yao. Manung'uniko ya ardhi na ya kutengwa yanayosikika pwani hadi leo hayakuanzia hewani.

Aprili mwaka huohuo wa 1963, Papa Yohane XXIII alitoa waraka wake *Pacem in Terris*, akifundisha kwamba migogoro ya mataifa itatuliwe kwa mazungumzo, na kwamba haki inadai makundi ya wachache yalindwe. Barua za Kenyatta na Shamte zilikwenda njia hiyo.

Tunaweza kuendelea kujadili Mahakama ya Kadhi, ambayo katiba ya 2010 iliibakiza. Ila tusiiite upendeleo. Ni ahadi iliyotolewa ili nchi iwe moja, na ahadi ni deni.