Darasa la Mama Susanna

Shule za Uganda zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, watoto wapatao milioni 15 walibaki nyumbani, na madarasa yote hayakufunguliwa tena mpaka Januari 2022. Katika kambi za askari na makao ya polisi, akina mama wengi ambao waume zao walikuwa lindoni au safarini walijikuta wameshika chaki kwa mara ya kwanza maishani. Wako walioona mzigo mtupu. Wako pia walioonja furaha wasiyoitazamia, ya kumwona mtoto wao wenyewe akinyosha kidole juu ya neno, akisita, kisha akalitamka.

Furaha hiyo si ngeni duniani. Katika historia ya familia za Kikristo yuko mama mmoja aliyeifuata kwa zaidi ya miaka 20, katika nyumba yenye madeni, mauti na moto, naye akaandika kwa mkono wake jinsi alivyofanya. Mama huyo ni Susanna Wesley wa Uingereza.

Alizaliwa London tarehe 20 Januari 1669, akiwa kitinda mimba cha mchungaji Samuel Annesley aliyekuwa na watoto wapatao 25. Zama hizo hapakuwa na chuo kikuu kilichompokea msichana. Elimu yake aliipata katika vitabu vya baba yake na katika mazungumzo ya wageni waliofika pale nyumbani. Mwaka 1688 aliolewa na Samuel Wesley, ambaye alikuja kuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza katika kijiji cha Epworth, wilaya ya Lincolnshire, mahali pa mabwawa na ukungu. Alizaa watoto 19. Tisa walikufa wangali wachanga, wakabaki kumi: wavulana watatu na wasichana saba.

Kasisi Samuel alikuwa msomi na mshairi, lakini fedha haikukaa mkononi mwake. Mwaka 1705 alifungwa katika gereza la Lincoln kwa ajili ya deni. Mkewe, asiye na kitu kingine cha kumsaidia, alimpelekea pete zake auze, mume akazirudisha. Watu waliomchukia kwa mambo ya siasa wakawachoma kwa visu ng'ombe wake watatu usiku, maziwa ya watoto yakakatika. Askofu Mkuu wa York alipomwuliza Bibi Susanna kama amewahi kukosa mkate, alijibu kwamba kuukosa kabisa hakuukosa, ila taabu ya kuutafuta kabla ya kuula, na ya kuulipia baada ya kuula, iliuondolea mkate ule utamu wake wote. Kila mwenye kungoja mwisho wa mwezi atamwelewa mama huyu bila mkalimani.

SIKU YA HERUFI

Ndani ya dhiki hiyo palikuwa na chumba kimoja kilichotengwa. Shule ya mama ilifunguliwa saa tatu asubuhi mpaka saa sita, tena saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Saa hizo hapakuwa na ruhusa ya mtoto kuinuka na kwenda uani au barabarani pasipo idhini, na kupiga kelele lilikuwa jambo lisilojulikana.

Hakuna mtoto aliyefundishwa kusoma kabla hajatimiza miaka mitano, ila Kezia, mdogo wa wote, ambaye walianza naye mapema. Na mama mwenyewe aliona kwamba haraka ile haikumfaa, maana alichukua muda mrefu kuliko wenzake. Mtoto alipotimiza mitano, siku yake ilifika. Jioni iliyotangulia nyumba ilipangwa, kila mtu akapewa kazi yake, na ikaagizwa kwamba mtu yeyote asiingie chumbani saa za masomo. Kesho yake mtoto alikaa na mama yake peke yao, wakaanza herufi. Kabla ya jua kutua alipaswa kuzijua zote, kubwa na ndogo. Wote waliziweza kwa siku moja, ila Mary na Anne waliochukua siku moja na nusu. Mama yao akawadhania kuwa wazito wa akili, mpaka baadaye alipoona jinsi watoto wengine wa kijiji walivyochukua muda mrefu kuzijua herufi hizo hizo, akaibadili hukumu yake.

Mwalimu yeyote aliyepitia chuo atatikisa kichwa hapa. Herufi zote kwa siku moja ni mwendo ambao hakuna mtaala unaouamuru, wala haifai mzazi aujaribu kwa kushindana. Lakini tazama kilicho chini yake: siku nzima ya mama, isiyogawanywa na mtu, katika nyumba yenye watoto wengi kiasi kile. Yumkini hiyo ndiyo zawadi mtoto aliyoikumbuka, na herufi zikaja pamoja nayo.

Baada ya herufi hapakuwa na kitabu cha kwanza chenye picha. Walikwenda moja kwa moja kwenye sura ya kwanza ya Mwanzo. Mtoto aliendeleza maneno ya aya ya kwanza, akaisoma tena na tena mpaka ikatoka bila kusita, ndipo akaruhusiwa kuingia aya ya pili. Samuel, kifungua mimba, alitimiza miaka mitano tarehe 10 Februari 1695. Alikuwa mtoto aliyechelewa sana kusema, hata wazazi wakaingiwa na hofu. Alianza siku iliyofuata, na ilipofika Pentekoste ya mwaka ule aliweza kusoma sura nzima vizuri. Mama alistaajabu kwamba neno alilolijua katika somo lake alilitambua popote alipolikuta, hata katika kitabu kingine. Hiyo ndiyo alama ya msomaji wa kweli, kwa maana wako watoto wengi wanaosoma ukurasa kwa kuukariri tu, na ukurasa ukigeuzwa wanabaki bubu.

Mambo mengine ya nyumba ile yangepata sifa katika ua wowote wa Kiafrika. Ilikuwa marufuku mtoto kumwita mwenzake kwa jina tupu. Ilimpasa atangulize kaka au dada. Ilikuwa marufuku kula ovyo kati ya chakula na chakula, au kupenya jikoni kuwaomba watumishi vitafunio. Aliyetaka kitu aliomba kwa upole. Saa mbili usiku wote walikuwa vitandani, na hakuna aliyekaa kando yao mpaka wapate usingizi.

Tena palikuwa na kanuni moja ambayo kwa zama zile ilikuwa ya kishujaa: msichana asifundishwe kushona wala kazi nyingine ya mikono mpaka awe amejua kusoma barabara. Bibi Susanna aliona kwamba kuwapa wasichana sindano kabla ya kitabu ndiko kulikowafanya wanawake wengi wasiweze kusoma kwa sauti ya kupendeza na kueleweka. Husemwa kwamba binti yake Mehetabel, aliyeitwa Hetty, alisoma Agano Jipya kwa Kigiriki akiwa na miaka minane. Emilia alikuja kuwa mwalimu, akawa na shule yake mwenyewe huko Gainsborough. Lakini ukweli wote usemwe. Elimu ile haikuwakinga mabinti na ndoa mbaya. Hetty, mwenye kipaji cha ushairi kupita wote, aliozwa mwaka 1725 kwa fundi wa mabomba asiyelingana naye hata kidogo, akaishi maisha ya huzuni. Na baba yake alikuwa mgumu kumsamehe makosa yake ya ujana.

Liko pia jambo la fimbo. Bibi Susanna aliamini kwamba nia ya mtoto haina budi kushindwa mapema, na watoto wake walijifunza kuiogopa fimbo na kulia kwa sauti ya chini kabla hawajatimiza hata miaka miwili. Hilo halina haja ya kutetewa wala kuigwa. Hata hivyo, kando ya fimbo aliweka sheria zilizoipunguza makali. Mtoto aliyeungama kosa lake mwenyewe na kuahidi kujirekebisha hakupigwa, kwa kuwa mama aliona kwamba hofu ya kipigo ndiyo inayozaa uongo. Kosa lililokwisha kuadhibiwa halikutajwa tena. Tendo jema lilisifiwa, na aliyekusudia mema akakosea hakulaumiwa, bali alionyeshwa njia. Ahadi ilitimizwa, na zawadi iliyokwisha kutolewa haikurudishwa. Zaidi ya yote, hakuna aliyeruhusiwa kuchukua mali ya mwenzake, hata kama ni pini moja.

MOTO

Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 nyumba ya Epworth iliwaka moto. Bibi Susanna alikuwa mja mzito, karibu kujifungua Kezia, naye alipita katikati ya ndimi za moto. Walipohesabu watoto nje, John wa miaka mitano hakuwepo. Baba alijaribu kupanda ngazi iliyokuwa ikiteketea, akashindwa, akapiga magoti kumwombea. Mtoto aliamka peke yake, akapanda juu ya sanduku lililokuwa karibu na dirisha, akaonekana na watu walio uani. Hapakuwa na wakati wa kuleta ngazi. Mtu mmoja alisimama ukutani, mwingine akapanda mabegani mwake, akamnyakua mtoto. Mara hiyo dari ikaporomoka.

Vitabu vyote viliungua, maandiko ya baba yakaungua. Lakini hasara iliyomwuma mwalimu wa nyumba ile ilikuja baadaye. Nyumba ilipokuwa ikijengwa upya, watoto walitawanywa katika nyumba za watu mbalimbali. Walipokusanywa tena walikuwa wamejifunza nyimbo za hovyo, matamshi ya kihuni, na desturi ya kuzurura. Kazi ya miaka mingi ilikuwa imebomoka pamoja na kuta. Jamaa za askari wanaohamishwa kutoka kambi hii hadi ile, na kupeleka watoto kwa shangazi au kwa bibi, wanajua mtoto anavyorudi akiwa karibu mgeni.

Mama hakulia juu ya majivu. Alianza upya, tena akaongeza. Tangu wakati huo shule ilifunguliwa na kufungwa kwa kuimba zaburi. Saa kumi na moja jioni mtoto mkubwa alimchukua mdogo kuliko wote ajuaye kusema, wa pili akamchukua anayefuata, na hivyo hivyo; kila jozi ikajitenga kusoma zaburi za siku na sura ya Agano Jipya. Kwa njia hiyo mwanafunzi naye akawa mwalimu, jambo ambalo vyuo vya ualimu hulisifu hadi leo.

Husimuliwa kwamba Kasisi Samuel alikaa siku moja akahesabu, akamwuliza mkewe kwa nini amerudia neno lile lile mara 20 kwa mtoto asiyeelewa. Mkewe akajibu kwamba kama angeishia mara ya 19, kazi yake yote ingalikuwa bure.

ALHAMISI YA JACKY

Kasisi alikuwa mjumbe wa baraza la makasisi, kwa hiyo alikaa London miezi mingi, na mkewe akabaki na nyumba yote mabegani. Katika majira ya baridi ya mwaka 1711 kuingia 1712, Bibi Susanna alisoma sala na mahubiri kila Jumapili jioni kwa watoto na watumishi wake. Majirani waliomba waingie kusikiliza. Mwisho watu wapatao 200 walijaa, wengine wakirudi kwa kukosa nafasi. Kasisi msaidizi alichukizwa, akaandika kwa mume kulalamika. Mume akamshauri mkewe aache. Mama akajibu kwa adabu na kwa uthabiti: kama ni shauri, hawezi kulifuata, kama ni amri, aandikiwe amri kamili, ili lawama mbele ya Mungu isiwe juu yake. Amri haikuja.

Wakati huo alikuwa amesoma habari za wamisionari wa Denmark waliokwenda India, nazo zilimchoma moyo. Akawaza kwamba, maadamu yeye si mwanamume wala si kasisi, bado ana roho zilizowekwa mikononi mwake chini ya dari yake. Akaamua kumpa kila mtoto jioni yake, wazungumze wawili peke yao. Jumatatu ilikuwa ya Molly, Jumanne ya Hetty, Jumatano ya Nancy, Alhamisi ya Jacky, Ijumaa ya Patty, Jumamosi ya Charles. Na Jumapili aliwaweka pamoja Emily na Suky. Samuel alikwisha kwenda shule huko Westminster tangu 1704, na Kezia alikuwa mdogo mno.

Charles alikuwa na miaka minne tu. Alikua akatunga nyimbo za dini zaidi ya 6,000, na baadhi yake huimbwa katika makanisa ya Afrika Mashariki kila Krismasi. Jacky ndiye John, mtoto wa dirishani, mwenye miaka minane. Yeye na nduguye ndio walioanzisha mwamko wa Wamethodisti, ambao wamisionari wao walifika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862.

Mengi ya kanuni za shule ile hujulikana kwa sababu John alimwomba mama yake aziandike. Alisitasita, akieleza kwamba ni wachache watakaokubali kutoa miaka 20 bora ya uhai wao kwa kazi hiyo, kisha akamwandikia barua ndefu ya tarehe 24 Julai 1732, akiwa na miaka 63. Miezi michache nyuma, mnamo Februari ya mwaka ule ule, John alikuwa amemwandikia barua nyingine. Alikuwa mtu wa miaka 28, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Oxford, mwenye wanafunzi wake mwenyewe. Alimwomba mama yake, akiweza, amwekee tena katika maombi yake kile kipande kidogo cha jioni ya Alhamisi.