Maji ya paa letu yanaenda kwa nani?

Sisi tunaoishi Bukavu tunajua kwamba mji wetu umejengwa juu ya milima. Kuanzia Septemba hadi Mei, mvua hainyeshi tu, inatembea. Inatoka juu, inapita kwenye viwanja vyetu, inatafuta ziwa. Ikikuta ukuta njiani, inaingia.

Nyumba nyingi za Ibanda, Kadutu na Bagira zina vyumba vya chini vilivyochimbwa ndani ya mlima. Mbele kuna mlango na mwanga, lakini ukuta wa nyuma umeegemea udongo. Humo wanalala watoto, wanapanga wanafunzi, tunaweka magodoro na vitabu vya kwaya. Na humo ndimo maji yanapoingia.

Tuanze kwa kuungama. Chumba cha chini cha nyumba yetu ya uchungaji kilikuwa kinalowa kila mwaka. Tulipaka simenti ndani mara mbili. Mara zote mbili ilibanduka kabla ya Pasaka. Halafu tulichimba mfereji nyuma ya nyumba, tukauelekeza pembeni, chumba kikakauka, tukamshukuru Mungu. Wiki mbili baadaye mama mjane anayekaa chini yetu alipiga hodi. Alisema kwa heshima: «Pasta, mvua ikinyesha munatutumia maji yenu.» Tulishuka tukaona. Maji yetu yalikuwa yanaangukia jikoni kwake.

Kwa ajili ya aibu hiyo tunaandika maneno haya, ili wengine wasirudie kosa letu.

Kwanza, tujue ni maji ya kiasi gani. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja. Paa la manjanja lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, likipata mvua ya milimita 50, linamwaga lita 4,000. Hizo ni bidoni 200 za lita 20. Mama zetu wanajua uzito wa bidoni moja mgongoni. Basi fikirieni bidoni 200 zikimwagwa kwenye msingi wa nyumba kwa saa chache.

Pili, tujue kwa nini simenti ya ndani haitoshi. Udongo wetu mwingi ni mfinyanzi: unakunywa maji polepole na kuyashika kwa muda mrefu. Maji yakijaa nyuma ya ukuta yanausukuma, na simenti iliyopakwa ndani inasukumwa kutoka nyuma mpaka inabanduka. Dawa iko nje: maji yasifike kwenye ukuta.

Kazi yenyewe inafuata utaratibu huu.

Vaeni koti, tokeni nje mvua inaponyesha. Angalieni maji yanaanguka wapi, yanasimama wapi, yanatoka kwa nani. Nusu saa ya kuangalia inaokoa mifuko mingi ya simenti.

Wekeni gutiera kwenye paa, na maji yaingie katika pipa au tangi. Mabomba yanapokosa maji, hii ni baraka. Lakini tangi likijaa, maji ya ziada yapewe bomba linaloyapeleka mbali. Yasimwagike kwenye msingi.

Udongo unaozunguka nyumba ushuke kutoka ukutani. Kipimo kizuri ni sentimita 5 kwa kila mita, kwa mita 3 za kwanza kama nafasi ipo. Jazeni mfinyanzi, mushindilie vizuri.

Upande wa juu wa nyumba, chimbeni mfereji wa kuyapokea maji ya mlima kabla hayajafika. Uwe mbali na ukuta mita moja au zaidi, maana kuchimba kwenye mguu wa msingi ni kuudhoofisha. Ushuke kama sentimita 2 kwa kila mita, ujengwe kwa mawe na simenti. Mteremko ukiwa mkali, fundi atengeneze ngazi ndani ya mfereji ili kuvunja nguvu ya maji.

Ukuta unaoshikilia udongo uachiwe matundu yenye mabomba madogo, na nyuma yake yawekwe mawe na kokoto. Ukuta usio na matundu unabeba udongo pamoja na maji, na siku moja unaanguka.

Jambo moja la kuangalia sana hapa kwetu: katika nchi tambarare watu huchimba shimo ili maji yazame. Kwenye mlima unaotembea, kama ule wa Funu katika Kadutu, maji yanayozama yanaongeza uzito na kulegeza udongo. Afadhali yapelekwe juu ya ardhi, ndani ya mfereji uliojengwa, mpaka kwenye kanivo ya barabara au kijito. Na mukiona nyufa katika ardhi, miti imeinama, au milango haifungi tena, mfereji peke yake hautoshi. Mvua kubwa ikija, tokeni na watoto.

Hatusemi hivi kwa kutisha. Tunakumbuka Mei 2023 katika Kalehe, namna maji na mawe yalivyoshuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Mfereji wa nyumba moja usingezuia msiba ule. Lakini ulitufundisha kwamba anayekaa juu na anayekaa chini wanaishi katika maji yaleyale.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu aliwaagiza Waisraeli wanaojenga nyumba mpya waweke ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba hiyo. Angalieni: ukingo haukuwa kwa ajili ya mwenye nyumba peke yake. Ulikuwa kwa ajili ya yule anayeweza kuumia kwa sababu ya nyumba yake. Kwetu Bukavu, ukingo huo ni mfereji unaofika mwisho.

Sisi tulirudi kwa mama yule na fundi masoni. Tulizungumza na nyumba nne za safu yetu. Kila mmoja alitoa alichoweza: mawe, mchanga, mikono. Siku tatu za salongo, na mfereji mmoja ukashuka mpaka kwenye kanivo. Sasa tunausafisha kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, maana chupa na mifuko ya plastiki huziba kazi yote kwa usiku mmoja.

Kabla ya mvua kubwa ijayo, tuombe, halafu tutoke nje tuangalie. Na tusimalize kwa kuuliza kama chumba chetu kimekauka. Tushuke tukapige hodi kwa jirani, tumuulize chake.